Je, Unaukumbuka Mkanda wa Kukodi?

Kama wewe ni mama uliyezaliwa katika miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980 na ulikulia mjini, bila shaka unayafahamu maneno haya: "Tafadhali rudisha mkanda mwanzo." Yaliandikwa kwa kalamu nene juu ya kaunta ya karibu kila maktaba ya video. Watoto wetu wakiyasikia leo hawaelewi. Binti yangu, aliye kidato cha pili, aliwahi kuniuliza kwa nini tulipaita maktaba mahali pasipokuwa na kitabu hata kimoja. Swali lake ni zuri, nami sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia kuwa kila mtu alipaita hivyo.

Kwetu Tanzania Bara, video ilitangulia televisheni. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1962, hata kabla ya uhuru wao. Bara tulikaa bila kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo. Lakini seti zenyewe zilikwisha kuingia nchini. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mabaharia, wafanyabiashara na watu wenye ndugu Uarabuni walianza kuleta televisheni na deki. Nyingine zilivushwa kutoka Unguja. Seti ikishawekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kudarizi, haikuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa mkanda. Hapo ndipo maktaba za video zilipopata riziki yake.

Mkanda wenyewe, ule wa VHS, uliingizwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Mwaka uliofuata bwana mmoja wa Los Angeles, George Atkinson, alianza kukodisha mikanda dukani, na duka lake hutajwa kuwa la kwanza huko Marekani. Sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba biashara hiyo ingefika mpaka Morogoro, nyuma ya soko, katika chumba chenye mlango wa bati.

DUKANI KWA MJOMBA

Maktaba niliyoifahamu mimi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Mwenye duka tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa na undugu na yeyote kati yetu. Makasha yalipangwa kwenye mbao kuanzia sakafuni hadi karibu na dari: upande mmoja picha za Kihindi, upande wa pili picha za ngumi, yaani za Kichina, na chini yake za Kimarekani za vita. Makasha hayo yalikuwa matupu. Mikanda ilikaa nyuma ya kaunta, kila mmoja umebandikwa namba juu ya kipande cha plasta nyeupe, ile ile tunayofungia vidonda.

Ulichagua kasha, ukataja namba, naye Mjomba akafungua kaunta buku na kuandika jina, namba ya mkanda na siku ya kurudisha. Mtoto hakuandikwa kwa jina lake mwenyewe. Aliandikwa kwa jina la baba au la mama yake, na hilo pekee lilitosha kumfanya aurudishe kwa wakati.

Fedha ya mkanda mmoja kwa usiku mmoja ilikaribia bei ya nusu kilo ya nyama, kwa hiyo nyumbani kwetu halikuwa jambo la kila juma. Mama aliitunza katika kopo la Blue Band juu ya kabati. Mwezi ambao bei ya unga ilipanda hapakuwa na mkanda, na hatukuuliza.

Mwezi uliokuwa mzuri, tulikwenda Ijumaa jioni, na kuchagua kulikuwa shughuli ya nyumba nzima isiyokosa magomvi. Kaka zangu walitaka Rambo au Komando. Mama na sisi wasichana tulitaka Kihindi, chenye harusi na machozi, saa tatu bila kupungua. Fedha ilikuwa ya mkanda mmoja tu, hivyo ilitubidi tukubaliane pale pale mbele ya Mjomba, huku watu wengine wakisubiri na kutoa ushauri ambao hatukuwaomba. Mama wa nyumba ya jirani alikuwa akirudisha mkanda na kutangaza palepale kama unaliza au haulizi. Usipoliza, hakuuchukua mtu.

Kaka yangu mkubwa aliamini kabisa kwamba steringi hafi. Basi zamu moja ya wasichana tukachukua Sholay, picha ya mwaka 1975, ambamo Amitabh Bachchan anakufa kabla ya mwisho. Kaka alitoka nje akidai mkanda ni mbovu na Mjomba arudishe fedha.

Usiku wenyewe sebule ilijaa. Watoto wa majirani waliruhusiwa kuingia bila malipo, kwa sharti moja la mama: kila mmoja anawe miguu kwenye beseni pale mlangoni. Watu wazima walikaa vitini, watoto mkekani. Picha ikianza kuonyesha chenga, baba aliifungua deki na kuisafisha hedi kwa spiriti na karatasi laini, nasi tukanyamaza kama walio nje ya chumba cha upasuaji. Ikifika sehemu ambayo mama aliona haifai, alimtuma mmoja wetu akaangalie kama mlango wa jikoni umefungwa. Mlango huo ulikuwa umefungwa siku zote. Kila mtoto wa mtaa ule alijua maana ya kutumwa kwenye mlango wa jikoni, na nakiri kwamba leo nami hulitumia neno hilo hilo.

Halafu kulikuwa na mgawo wa umeme, kama ule wa mwaka 1992 na wa 1994. Umeme ukikatika katikati ya picha, deki haiwezi kuutema mkanda. Unabaki tumboni mwake mpaka umeme urudi, pengine kesho yake jioni, na siku ya kurudisha imekwisha kupita. Mjomba aliijua mitaa yote iliyokuwa gizani. Aliangalia kaunta buku, akauliza unakaa upande gani, akafuta faini. Baada ya hapo wengine wakaanza kumdanganya juu ya mitaa yao, jambo ambalo nalo aliligundua upesi.

SI KILA KITU KILIKUWA KIZURI

Akina mama wenzangu, kumbukumbu za utoto zina sukari nyingi, kwa hiyo tuseme na yale mengine. Mikanda mingi ilikuwa imerudufiwa bila idhini ya mtu, kopi ya kopi, na kila kopi huwa hafifu kuliko ile ya kwanza, ndiyo maana sura za watu zilikuwa za bluu. Chini ya kaunta za maduka mengine palikuwa na mikanda ambayo hata jina lake haliandikwi katika gazeti hili. Sheria ya ukaguzi wa filamu tulikuwa nayo tangu mwaka 1976, lakini mkaguzi hakufika mtaani kwetu.

Mabanda ya video ndiyo yaliyowatesa wazazi zaidi. Kijana alitoka nyumbani na sare ya shule, akalipa kiingilio, akakaa gizani kwenye benchi mpaka mchana. Wazee wa kanisa waliyakemea kwa ukali, na wengine waliikemea video yote kwa jumla. Lakini mzee mmoja aliyeikemea hadharani, mwaka uliofuata nilimwona mwenyewe akishika kamba ya shuka jeupe uwanjani, tulipoonyeshwa filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 iliyotiwa sauti ya Kiswahili.

Tofauti ilikuwa mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Nikiwa na miaka 13 nilikuwapo dukani wakati mvulana mmoja wa mtaa wa pili alipotaja namba fulani. Mjomba hakuinua sauti. Alimwambia tu, "Huo ni wa wakubwa. Mwambie baba yako aje auchukue mwenyewe." Baba hakuja. Na jioni hiyo hiyo mama wa mvulana, akipita na kapu lake la sokoni, aliitwa pembeni akaambiwa.

Hilo ndilo ninalolikosa hasa, kuliko mikanda yenyewe. Nyumbani kwangu leo tuna simu nne na televisheni moja, na ikifika saa mbili usiku kila mtu ana picha yake mkononi. Simu haimuulizi mtoto ni wa nani. Tumejaribu Jumamosi moja moja kuchagua picha moja kwa wote, kwa zamu, simu zikiwa kwenye sinia juu ya kabati. Mara ya kwanza mwanangu wa kiume alinuna mpaka mwisho. Mara ya tatu alikuwa na zamu yake, akatuletea picha ya magari, na baba yake akasinzia.

MIKANDA YA KWETU WANAWAKE

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba maktaba nyingi zilikuwa pia na kamera. Mjomba alikodisha mikanda siku za juma, na Jumamosi akapiga video harusi, kipaimara na mahafali. Kwa njia hiyo mkanda ulikuwa shule yetu. Dada zetu waliokuwa wakikaribia kuolewa waliazima mikanda ya harusi za watu wasiowafahamu, ili waone ukumbi ulivyopambwa, keki ilikuwa ya ngazi ngapi, na bibi harusi alitembeaje. Fundi cherehani aliletewa deki na mkanda, akasimamishiwa picha kwenye shingo ya gauni.

Kitchen party zilipoenea mijini katika miaka hiyo ya 1990, mikanda yake ikawa na sheria yake. Ilikaa kabatini, imefungwa kwa ufunguo, chini ya vitenge. Mwanamume hakuiona. Mpiga video mwenyewe alitolewa nje baada ya keki na zawadi, somo alipoanza kusema, na kamera ikashikwa na dada yeyote aliyethubutu. Ndiyo maana nusu ya pili ya mikanda hiyo inaonyesha zaidi dari na viatu. Maneno lakini yanasikika vizuri sana.

Bibi yangu hakujua Kiingereza wala Kihindi, na kwa miaka mingi alitazama picha kwa kubahatisha. Baadaye tukaletewa kutoka Dar es Salaam mikanda yenye sauti ya Lufufu, yule bwana aliyeeleza picha za kigeni kwa Kiswahili huku zikienda. Titanic, picha ya mwaka 1997, bibi aliielewa kupitia kwake. Lufufu aliongeza mengi ya kwake, na bibi aliyapenda hayo kuliko ya wenyewe.

Kisha mambo yakaenda mbio. Zikaja sidii za picha, halafu dividii, zikaja picha za Nigeria. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, na picha za Kibongo zikajaza mbao ambazo zamani zilikuwa za Kihindi. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, aliingia katika nyumba nyingi za Tanzania kupitia maduka hayo hayo. Usiku wa Desemba 31 mwaka huo huo mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, tukaanza kununua ving'amuzi. Maktaba zilizobaki zilianza kujaza muvi kwenye flashi. Huko Marekani nako, kampuni ya Blockbuster, ambayo mwaka 2004 ilikuwa na maduka yapatayo 9,000, ilifilisika mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 limebaki duka moja tu lenye jina hilo, katika mji wa Bend, jimbo la Oregon. Watu husafiri kwenda kulitazama. Na mwaka 2016 Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, kiliacha kazi hiyo.

TAZAMA JUU YA KABATI LAKO

Habari hiyo ya Funai ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi wetu tuna mkanda wa harusi mahali fulani: ndani ya sanduku la bati, juu ya kabati, nyuma ya sahani za wageni. Tunaamini kwamba kwa kuwa upo, harusi yetu imehifadhiwa. Sivyo. Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikwa na gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na katika miji yetu ya joto na mvua huharibika upesi zaidi. Wataalamu wa kuhifadhi kumbukumbu walikwisha kutoa tahadhari. Mwaka 2019 UNESCO ilieleza kwamba ifikapo mwaka 2025 au karibu na hapo ingekuwa vigumu mno kunakili mikanda ya sumaku, kwa sababu mashine na mafundi wanakwisha. Mwaka huo umekwisha kufika.

Kwanza uchungulie kwenye kile kidirisha cha plastiki. Ukiona unga mweupe au kijivu kwenye kingo za utepe, hiyo ni ukungu. Usiutie kwenye deki, kwa maana utaichafua deki na kila mkanda utakaofuata. Na hapa nasema kama muuguzi: usiupulize wala usiupanguse sebuleni. Vumbi la ukungu linaweza kumwamsha mtoto mwenye pumu usiku wa manane. Funga mkanda kwenye mfuko wa plastiki, ukiushika vaa barakoa, na kumwachia fundi ni bora zaidi.

Ukiwa safi, mpelekee fundi mwenye deki inayofanya kazi aunakili kwenye flashi au kompyuta. Mwambie aanze kwa kuupeleka mbele wote na kuurudisha nyuma kabla ya kuucheza, maana umelala miaka mingi na tabaka zake huenda zimegandana. Mwombe anakili mkanda wote, asikate sehemu anazoona hazina maana. Sehemu zisizo na maana kwake ndizo ambamo marehemu mama yako anapita na sinia. Weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, kwani flashi nazo hufa bila kuaga. Mkanda wenyewe usiutupe. Usimamishe kama kitabu mahali pakavu, mbali na televisheni na spika.

Jambo dogo jingine: ule ukingo wa nyuma wa mkanda una kipande kidogo cha plastiki. Kikivunjwa, deki haiwezi kurekodi juu yake. Naifahamu familia ambayo nusu ya harusi yao ni fainali ya mpira, kwa sababu kipande hicho hakikuvunjwa na shemeji alikuwa mgeni wao wikiendi ile.

Katika kikundi chetu cha akina mama yupo mwenzetu aliyefiwa na mumewe mwaka 1999. Picha za karatasi anazo nyingi, lakini sauti hakuwa nayo. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa miezi miwili baada ya mazishi, na tangu utotoni alikuwa akiwauliza wakubwa zake baba alizungumzaje, kwa sauti nene au nyembamba. Kila mmoja alimjibu lake.

Mkanda ulikuwapo, wa kipaimara cha mtoto wa kwanza, mwaka 1997. Ulikuwa na ukungu. Mwaka 2022 aliuzungusha kwenye maduka mawili, wakamwambia autupe. Duka la tatu walimwelekeza kwa mzee mmoja, zamani mwenye maktaba ya video, sasa anauza vipuri vya redio, ambaye alikuwa na deki mbili chini ya meza na hakupenda kuziuza. Mzee aliifungua kaseti kwa bisibisi, akaufuta utepe taratibu kwa siku tatu, akauhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine. Alionya kwamba huenda ungekatika. Ulikatika mara mbili, akauunga.

Mwenzetu alituomba tuwe wanne siku ya kutazama, pamoja na watoto wake. Dakika kumi na kitu za mwanzo zilikuwa chenga tupu, na hakuna aliyesema neno. Kisha ukaonekana uwanja, turubai, wapishi, kwaya. Mumewe alitokea kwa muda usiofika dakika moja. Hakuwa akitoa hotuba. Alikuwa amevaa suti ya kahawia, anawafukuza watoto waliokalia kreti za soda. "Shukeni hapo," akasema, "soda hizo si zenu, na atakayevunja chupa atanilipa." Halafu akageuka akaiona kamera, akacheka.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Kijana, ambaye sasa ana ndevu, aliomba irudishwe nyuma. Tukairudisha. Akaomba tena.